Sauti Niliyompa Adui

Niliporudi Ukunda kutoka chuo kikuu nilikuwa na digrii moja, suruali mbili za kuvaa mbele ya watu, na nadharia. Digrii ilinipatia kazi ya kufundisha historia katika shule ya sekondari upande wa Msambweni. Suruali zilichakaa. Nadharia ndiyo iliyodumu, na laiti ingechakaa yenyewe nikabakiwa na suruali.

Ilikuwa hivi. Kila adui katika filamu za kisayansi, zile za vyombo vya anga na mashine zinazofikiri, ni itikadi ya kisiasa iliyovishwa nguo ngeni. Mvue kofia ya chuma na utamkuta mtu unayemjua kutoka kitabu cha historia. Niliyaandika hayo katika insha ya mwaka wa mwisho, kurasa thelathini kamili, na mhadhiri wangu akanirudishia akiwa ameandika mwishoni, kwa wino mwekundu, maneno mawili tu: "Kwa hivyo?" Nilinuna mwezi mzima. Nilimwona mzee aliyepitwa na wakati. Sikujua kwamba nilikuwa nimeulizwa swali la maana kuliko yote nitakayowahi kuulizwa, na kwamba nitakuja kulijibu vibaya mbele ya watu arubaini.

Banda la video lilikuwa nyuma ya soko. Mabati pande tatu, makuti juu, na plastiki nyeusi imetundikwa mlangoni kuzuia jua, kwa sababu maonyesho yalikuwa ya mchana, Jumamosi na Jumapili. Runinga ilikaa juu ya kreti za soda, chini yake deki, mbele yake mabenchi. Mwenye banda alikuwa mtu wa makamo, Mkristo, ambaye wazazi wake waliletwa kutoka bara na kupewa shamba kwenye skimu ya serikali kule milimani. Yeye alizaliwa hukohuko Kwale. Kitovu chake kilizikwa chini ya michungwa ya babake. Alisoma Kwale, akaoa Kwale, na Kidigo alikizungumza vizuri kuliko baadhi ya binamu zangu wanaoishi Mombasa. Ni Kiswahili tu kilichomsaliti, maana alikipata kwa wazazi wake na kilibaki na lafudhi ya huko walikotoka.

Alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwingine. Adhana ya alasiri ilipoanza, hata filamu ingekuwa pale pa moto kabisa, alibonyeza kitufe na kuisimamisha. Hakuizima. Aliisimamisha, picha ikabaki pale pale inatetemeka, mara nyingi ikiwa ni adui mwenye mkono juu anayetaka kumpiga mtu. Waliotaka kuswali walikwenda kuswali. Sisi wengine tulikaa kimya tukimtazama adui, naye akitutazama. Waliporudi, mwenye banda aliuliza, "Mmetimia?" na mkono wa adui ukashuka. Kwa hiyo kila aliyetoka kwenda msikitini aliikuta filamu pale alipoiacha. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alisema tu kwamba si haki mtu kupoteza sehemu nzuri kwa sababu ya Mungu.

Mimi nilianza kama mtazamaji. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na kando yangu alizoea kukaa mlinzi wa hoteli moja ya Diani, kijana wa rika langu, mtu wa hapa kwa mababu. Alikuwa akiniuliza, nami nikimnong'oneza. Siku moja mwenye banda alinigusa bega.

"Mwalimu, kama ni kusema, sema wote wasikie."

Nikasimama kando ya runinga, na sikuketi tena kwa miaka miwili.

Anayetafsiri filamu bandani hatafsiri maneno. Anagawa sauti. Mhusika mkuu unampa sauti yoyote, maana watu wanampenda tayari. Sauti inayotafutwa ni ya adui. Watu hutoka nyumbani kwao kuja kusikia adui wa leo atasema kama nani. Hapo ndipo nadharia yangu ilipopata makazi. Katika filamu moja adui alikuwa ubongo mkubwa uliofugwa ndani ya mtungi wa kioo chini ya ardhi, ukiwapangia watu wa mji mzima saa ya kula, saa ya kulala na saa ya kufurahi, na yeyote aliyefurahi kabla ya saa yake alichukuliwa asirudi. Nikawaeleza kwamba huu ndio ukomunisti uliooza, ambapo kamati kuu inajua njaa yako kabla yako wewe. Ubongo nikaupa sauti ya mkuu wa shule yangu. Benchi la nyuma lilianguka kwa kicheko. Katika nyingine kulikuwa na tajiri aliyemiliki jua dogo la kuundwa, akiwauzia watu mwanga kwa saa. "Huu ni ubepari," nikasema. Mzee mmoja akajibu kutoka gizani, "Hiyo ni bili ya stima, mwanangu, wala usitafute mbali." Na kulikuwa na jemadari aliyetaka wakazi wote wa nyota zake wawe na kimo kimoja, na waliozidi akaamuru wapunguzwe. Ufashisti, hata kufikiri hakukuhitajika.

Nilijivuna. Nilijiona nimekileta chuo kikuu nyuma ya soko na kukifunga kamba wasije wakakiiba.

Kisha ikaja filamu ya wavamizi.

Viumbe warefu wenye rangi ya majivu walishuka kwenye sayari ya watu wapole. Hawakupigana. Walichomeka nguzo kandokando ya ufuo wote, na kati ya nguzo na nguzo ukawaka ukuta wa mwanga. Aliyeugusa aligeuka vumbi. Wenyeji wakabaki upande huu, bahari yao upande ule, wanaiona, wanaisikia, hawaifikii. Katika filamu nzima wavamizi hawakutamka neno. Walitoa mlio tu, kama mtu anayekwangua sufuria.

Kila aliyekaa kwenye yale mabenchi aliujua ukuta ule. Miaka hiyo njia za kwenda ufuoni Diani zilikuwa zikizibwa moja baada ya nyingine. Njia ambayo nyanya yako alipita na tenga lake kichwani, wewe ukifika unakuta geti, na kwenye geti amesimama jirani yako amevaa yunifomu. Rafiki yangu mlinzi alikuwa mmoja wao. Aliulinda ukuta uliojengwa juu ya njia ya babu yake mwenyewe. Viwanja viligawanywa kwenye maofisi ya mbali, wakapewa wakubwa, na wakubwa hao walikuwa na lafudhi za kila namna: ya bara, ya ng'ambo, na ya hapahapa. Mheshimiwa mmoja wa kwetu, mtu wa pwani kwa baba na mama, alikuwa na kiwanja chake chenye ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu. Nilijua. Ningeweza kukuchorea ukuta huo na chupa zake, za kijani na za kahawia.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo, kwa hiyo niruhusu niiseme polepole. Adui wa filamu ile, kama nadharia yangu ilikuwa na thamani hata ya gamba la nazi, alikuwa ulafi wa ardhi wa wakubwa. Sauti yake ya haki ilikuwa sauti ya mheshimiwa, ile nzito, ya taratibu, ya mtu anayejua utamngoja. Niliweza kuiigiza. Lakini sauti ya mheshimiwa haichekeshi, na zaidi ya hayo mwenyewe alikuwa na masikio kila mahali. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya watu waliokuwa wakingoja kucheka, viumbe wanakwangua sufuria zao, na ikanibidi niwape maneno papo hapo.

Nikawapa lafudhi ya bara. Si ya bara kwa jumla, nisijidanganye. Ya mwenye banda. Herufi zake, r ikigeuka l, namna alivyovuta pumzi katikati ya sentensi, namna alivyosema "sikiza" kabla ya kusema jambo.

"Sikiza," kiumbe wa majivu akasema kwa kinywa changu, "hii bahali ni yetu sasa. Nyinyi tafuteni yenu."

Banda lililipuka. Watu walipiga mabati kwa viganja. Nikawapa viumbe hata jina, maana filamu haikuwapa: Wasayari. Mwenye banda mwenyewe, kando ya deki yake, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha kufutia kanda. Nikajiambia, kama mwenyewe anacheka, ubaya uko wapi? Nimewasikia watu wengi wakisema sentensi hiyo tangu siku ile, kwenye ofisi, kwenye harusi, kwenye redio, na kila nikiisikia natamani kumkamata mtu shati.

Tulipotoka, mlinzi alininunulia soda.

"Leo umetuua, mwalimu."

"Filamu ndiyo nzuri."

"Filamu kitu gani? Ile sauti! Kwa hivyo Wasayari ndio wabara?"

"Ni mfano tu, bwana. Unyakuzi wa ardhi kama mfumo. Itikadi, si mtu fulani."

"Mfumo." Alilitafuna neno hilo pamoja na barafu. "Mimi nimesimama getini miaka sita. Sijaona mfumo ukipita. Wanaopita ni watu."

Nilipaswa kumuuliza: ni nani basi unayemwona akipita? Angeniambia. Angemtaja mheshimiwa na gari lake jeupe, kwa maana alimfungulia geti kila Jumapili alipokuja kula samaki na mwenye hoteli. Tungefika mahali, sisi wawili, palepale kibandani. Lakini soda ilikuwa inapata joto, nami nilipenda zaidi kusifiwa.

Filamu ile ilirudiwa kwa maombi ya watazamaji zaidi ya filamu yoyote. Kila mara walitaka sauti ile ile. Watoto sokoni walianza kuitana Wasayari wakicheza. Kisha wakubwa wakaanza, kwa utani, mtu akimwona mchuuzi wa viazi kutoka bara: "Msayari, viazi vyako leo vipi?" Na mchuuzi akacheka, kwa sababu alitaka kuuza viazi.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Mheshimiwa akaja uwanjani na neno lake, majimbo. Ukilisoma kwenye kitabu, majimbo ni mpango wa kugawa madaraka, na kuna watu wenye akili na nia njema waliolipigania kabla sijazaliwa. Ukilisikia uwanjani mwaka ule, lilikuwa na maana moja tu: nani aondoke. Alilisema kwa ile sauti yake nzito ya taratibu, na hakumtaja mtu yeyote. Hakuhitaji. Alisema tu kwamba kuna waliokuja wakatuziba njia ya bahari yetu, na umati ukamalizia wenyewe. Nilikuwa pale, nimesimama kivulini mwa lori. Waliomalizia walitumia neno langu: Wasayari.

Adui wa filamu ana heshima moja ambayo sikuwahi kuiweka kwenye kurasa zangu thelathini: anasema anachotaka. Anakaa kwenye kiti kirefu, anaeleza mpango wake wote, na mlio wa muziki unakuonya. Itikadi haina muziki. Inakuja na fulana na paketi ya unga. Inakuita ndugu. Inachukua jeraha lako la kweli kabisa, njia ya nyanya yako iliyozibwa, inalibusu mbele ya watu, halafu inakuonyesha nyumba ya jirani. Na aliyeziba njia ndiye anayekuonyesha. Ningekuwa mwandishi wa filamu ningelikataa wazo hilo, ningesema watazamaji hawawezi kuamini kwamba wenyeji wa sayari ni wajinga kiasi hicho. Kumbe mjinga mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatafsiria.

Wiki hiyo mtu aliandika kwa chaki kwenye mabati ya banda: WASAYARI RUDINI KWENU. Vikaratasi vyenye maneno ya namna hiyo vilikuwa vimeanza kuonekana hapa na pale, na upande wa Likoni watu walikuwa wakisema mambo mazito kwa sauti ndogo.

Ijumaa, baada ya masomo, mwenye banda alikuja kwangu.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Hakuketi. "Umeona ukuta wangu?"

"Nimeuona."

"Hilo neno limetoka kwetu bandani."

Nikamsogezea kiti, akakiacha.

"Sikuja kukulaumu. Mimi si nilicheka? Mke wangu aliniuliza siku ile, unacheka nini wewe. Nikamwambia nyamaza, hujui filamu." Alitazama mikono yake. "Sikiza. Nataka kitu kimoja. Kesho, kabla sijawasha deki, usimame mbele useme: huyu ni mwenzetu, amezaliwa hapa, asiguswe. Basi. Wewe wanakusikia. Wewe ni mtoto wao."

"Ni hayo tu?"

"Maneno sita. Nimeyahesabu njiani."

"Na wasiposikia?"

"Wasiposikia, nitajua. Nina shemeji yangu Taru, anauza mbuzi. Atanipa pa kulala. Lakini michungwa haihami, mwalimu. Mimi sitaki kwenda."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo mkunjufu, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Na usiku huo nikajitayarisha kama mjinga aliyesoma anavyojitayarisha: niliandika hotuba.

Jumamosi banda lilijaa. Mlinzi alikuwa benchi la mbele. Mlangoni, kando ya plastiki nyeusi, walisimama watu wawili nisiowajua, mikono kifuani, hawakutaka kuketi. Mwenye banda alikuwa kwenye deki yake, kidole juu ya kitufe, akinitazama. Nilifungua kinywa niseme maneno sita. Nikawatazama wale wawili. Nikasikia sauti yangu, ile ya darasani, iliyo safi, yenye irabu zake zote mahali pake:

"Ndugu zangu, tuelewane vyema kabla ya kuanza."

Na nikaanza kueleza. Nilieleza kwamba uvamizi ni dhana. Nilieleza tofauti kati ya mtu binafsi na tabaka. Nilieleza kwamba viumbe wa filamu ni ishara, na ishara haina kabila. Nikarudi nyuma mpaka wakati wa wakoloni, nikagusia sultani, nikapita kwenye hati miliki, nikasema "kwa upande mmoja" mara tatu na "kwa upande wa pili" mara mbili. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Ningeweza kuisahihisha na kuipa alama za juu. Na kila sentensi ilikuwa imejengwa kwa ufundi ili mtu yeyote asiweze kwenda kumwambia mtu mwingine kwamba mwalimu amesema hivi. Kila nilipokaribia yale maneno sita niliona njia nyingine ndogo ya kuyazunguka, nami nikaifuata kwa shukrani.

Nilimwona mwenye banda akingoja. Mwanzoni alitikisa kichwa kunihimiza, kama unavyomhimiza mtoto anayesoma. Kisha akaacha. Kisha akaangalia kitufe.

"Mwalimu," mtu akaita kutoka nyuma, "weka filamu!"

"Leo umemeza redio?" mwingine akasema, na watu wakacheka.

Mlinzi hakucheka. Aliinama mbele, akaniuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Kwa hivyo?"

Hakumjua mhadhiri wangu, wala hakuwahi kukanyaga chuo. Aliuliza tu kwa sababu alitaka kujua. Nakuapia, angeliniunga mkono. Macho yake yalikuwa yananingoja niseme kitu anachoweza kukishika.

"Kwa hivyo," nikasema, "tufikiri."

Mwenye banda akawasha deki.

Siku hiyo sikutafsiri. Nilisema koo linaniuma. Filamu ilikwenda yenyewe kwa Kiingereza chake, na ilipofika adhana ya alasiri mwenye banda akaisimamisha kama kawaida, watu wakatoka kwenda kuswali. Wale wawili wa mlangoni walitoka pia, lakini hawakuelekea msikitini. Waliporudi waumini aliuliza, "Mmetimia?" na sauti yake haikuwa na kitu chochote ndani yake.

Yaliyofuata yanajulikana, wala si mimi wa kuyasimulia. Watu wa bara walifukuzwa, wengine wakauawa, wengi wao wasiowahi kuona hata kipande cha kiwanja cha ufuoni. Banda liliteketezwa pamoja na vibanda vingine pale nyuma ya soko. Mwenye banda hakuwepo. Alikuwa ameondoka kesho yake, Jumapili, mara tu baada ya ibada, na mke wake, na runinga, deki na kanda zimefungwa kwenye blanketi. Alijua. Alikuwa ameniambia kwamba atajua.

Kisha serikali ikaja kutafuta waliochoma, ikawakamata vijana wa kwetu waliokuwa karibu na mkono wake. Mlinzi alichukuliwa getini, kazini, akiwa na yunifomu, mbele ya ule ukuta wa njia ya babu yake. Hakuwa amechoma kitu. Alirudi baada ya wiki tatu akiburura mguu, kazi hana, na tangu hapo akikutana nami hutoa salamu kamili, ya adabu, kama unavyomsalimu mtu wa ofisini. Mheshimiwa alikwenda kwenye kambi ya waliofukuzwa, akagawa mablanketi, akapigwa picha. Ukuta wake haukupata mkwaruzo. Chupa ziko palepale, za kijani na za kahawia. Nilipita mwezi uliopita nikaziona.

Mwaka uliofuata nilikuwa ndani ya basi la Nairobi, nakwenda kwenye semina ya walimu, nikibeba katika begi makala mapya kuhusu, ndiyo, itikadi na adui. Karibu na Taru gurudumu likapasuka. Kondakta akasema tunyooshe miguu, kuna kazi ya saa nzima. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali la nyika, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha matangi ya maji. Nikasikia jenereta. Nyuma ya vibanda vya chai palikuwa na chumba cha mabati chenye plastiki nyeusi mlangoni.

Nikajua kabla sijaifunua.

Kulikuwa na madereva wa malori, wachungaji wachache na fimbo zao, wanawake wawili na mitungi yao mitupu. Kanda ilikuwa ile ile. Ule mstari mweupe uliopita katikati ya picha Ukunda ulipita palepale Taru. Mwenye banda alikuwa amesimama kando ya runinga, mahali pangu, akitafsiri. Wenyeji wa ile sayari alikuwa amewapa sauti ya watu wa hapo, wafugaji wanaouliza maji yako wapi. Nao viumbe wa majivu walikuwa wanazungumza Kiswahili safi cha pwani, kila irabu mahali pake, taratibu, kwa upole, kama mtu anayesahihisha madaftari.

"Kwa upande mmoja," akasema kiumbe, "bahari ni dhana."

Mtu akageuka vumbi kwenye mwanga.

"Kwa upande wa pili, tusiharakishe."

Nilisubiri watu wacheke. Nilitaka wacheke, nikiri, ili nipate kukasirika. Hawakucheka. Walimtazama yule kiumbe kwa makini, kama unavyomtazama nyoka ambaye bado hujajua anaelekea wapi.

Adhana ikaanza kwenye msikiti mdogo ng'ambo ya barabara. Akabonyeza kitufe. Kiumbe akabaki mkono juu, anatetemeka. Wachungaji wawili wakatoka. Na katika ule ukimya mwenye banda akaniona.

"Karibu mwalimu," akasema, bila kusogea. "Umeona kazi yako nimeichukua."

"Nimeona, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

"Hiyo sauti," nikasema. "Watu wanaipenda?"

"Hapana. Ya kwangu uliyoifanya wewe, hiyo walipenda, ilichekesha. Hii haichekeshi." Alifuta kanda nyingine kwa kile kitambaa chake. "Mara ya kwanza niliwapa Wasayari sauti ya mheshimiwa. Watu hapa wakasema huyo hatumjui. Basi nikatafuta adui ninayemjua mimi."

Nilitaka kumwambia kwamba adui halisi si mimi. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa nazo kwenye begi, zimepigwa chapa. Niliona vizuri kabisa namna ningeanza, na sentensi ya kwanza ilikuwa tayari mdomoni, na kwa sababu niliitambua nikafunga kinywa.

"Michungwa?" nikauliza badala yake.

"Inachumwa," akasema. "Si na mimi."

Nikasema maneno sita. Niliyasema pale, mbele ya madereva na wanawake wenye mitungi, kwa sauti ya kutosha: huyu ni mwenzetu, amezaliwa kwetu, asiguswe. Dereva mmoja akageuka kunitazama, akamtazama mwenye banda, akauliza, "Kwani nani anamgusa?"

Mwenye banda alinitazama, si kwa chuki. Alinitazama kama mtu aliyeletewa koti baada ya mvua kupita.

Wachungaji wakarudi, wakainama kupita chini ya plastiki.

"Mmetimia?" akawauliza.

"Tumetimia."

Akabonyeza kitufe. Mkono wa kiumbe ukashuka, nguzo za mwanga zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine ufuoni kote, na sauti yangu ikajaa chumba, safi, ya upole, isiyo na haraka:

"Ndugu zangu, tuelewane vyema kabla ya kuanza."